Mama, Adabu na Mtoto wa Lubumbashi: Malezi katika Mji wa Shaba

Methali za Kiswahili zinazohusu malezi ni nyingi, nazo kwa sehemu kubwa humtwika mama mzigo wote. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Samaki mkunje angali mbichi. Zikisomwa pamoja, methali hizi zinajenga hoja moja: mama ndiye mwalimu wa kwanza, ukali wa mapema ndio huruma, na mtoto akipotoka kosa litatafutwa kwa mamaye. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ina pengo pia. Inamzungumzia mama kana kwamba yu peke yake na mwanawe, na inauweka ulimwengu mbali, mahali ambapo mtoto hufika baadaye, malezi yakishashindwa.

Katika mji wa Lubumbashi ulimwengu haukungoja. Kwa vizazi viwili au vitatu uliketi ndani ya nyumba tangu mtoto alipozaliwa, ukampima uzito, ukampangia mlo, ukamchagulia shule. Kisha, katika miaka ya 1990, ukaondoka ghafla. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba namna mama anavyomwonya na kumrudi mtoto haiwezi kupimwa kwa kuhesabu mapigo na maneno makali peke yake. Pigo lile lile hubeba maana tofauti kwa kutegemea ni nani wengine wanaosimama upande wa mama, na kama mtoto ana sababu ya kuamini kwamba anayempiga ndiye anayemlisha na kumpenda. Kwa neno utangamano hapa inakusudiwa hali ya mtoto kupatana na nafsi yake, na watu wa nyumbani mwake, na wenzake wa shuleni na mtaani.

Mama katika kambi ya kampuni

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga. Wafanyakazi wa mwanzo walikuwa vijana walioletwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi, wengi wao bila wake. Walikufa kwa wingi, walitoroka, na kila mwaka ilibidi watafutwe wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo: ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikawataka wafanyakazi waje na wake zao, na ikaanza kuwahesabia wake na watoto posho ya chakula. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wakuu wa siasa hiyo, aliieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1946. Lengo halikufichwa. Kampuni ilitaka mfanyakazi wa kesho azaliwe kambini, akulie kambini, na asijue maisha mengine.

Kwa hiyo mama wa kambini alipewa wasaidizi ambao hakuwaomba. Mtoto mchanga alipelekwa kupimwa uzito. Aliyeacha ziwa alipewa mlo kwenye kantini. Aliyefikia umri wa kusoma aliingia shule iliyoendeshwa na mapadre na masista wa Kikatoliki. Mama mwenyewe alifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba katika vituo vilivyowekwa kwa ajili ya wanawake, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na mwanamke aliyejua kuinjika chungu. Mtoto aliyekosa shule hakuwa tena kosa la nyumbani tu. Habari zilimfikia mkuu wa kambi, na baba ndiye aliyeulizwa.

Jambo hili liliathiri adabu ya nyumbani kwa namna mbili zinazovutana. Mamlaka ya mama yaliongezewa nguvu, kwa sababu nyuma ya neno lake walisimama mwalimu, padre, muuguzi na baba mwenye mshahara. Mtoto alisikia maneno yale yale kutoka vinywa vingi, na kwa kawaida mtoto hutulia pale ambapo wakubwa wake hawapingani. Papo hapo mamlaka hayo hayakuwa yake. Yaliazimwa kutoka kwa kampuni, na kilichoazimwa hudaiwa.

Aidha, kambi iliwatenga wazazi na jamaa ambao zamani walishirikiana nao katika kumrudi mtoto. Miongoni mwa Wabemba na Walamba, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake kuliko baba aliyewazaa. Miongoni mwa Waluba sauti hiyo ilikuwa upande wa baba na ndugu zake. Katika nyumba za kampuni watu wa makabila hayo waliishi ukuta kwa ukuta, wakaoana, na wajomba na mashangazi wakabaki kijijini mamia ya kilomita kutoka hapo. Nkambo, yaani babu au bibi kama wasemavyo watu wa Lubumbashi, alikuja kwa ziara tu. Mzigo uliokuwa wa ukoo mzima ukawaangukia watu wawili, na kwa kuwa baba alikuwa kazini au amelala baada ya zamu ya usiku, kwa saa nyingi za mchana ukamwangukia mmoja.

Lugha ya kuamrisha na lugha ya kupenda

Watoto wa ndoa hizo za mchanganyiko walikua wakisema Kiswahili, na kwa wengi wao ndicho kilichokuwa lugha ya kwanza. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa lugha hawapaswi kulipita haraka. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyokuzwa kuwa lugha ya kazi, yaani lugha ya kutoa na kupokea amri. Mama aliyemwita mwanawe kwa Kiswahili alitumia chombo ambacho msimamizi wa mgodi alikuwa amekwisha kukitumia juu ya mumewe. Lakini watu hawakukiacha chombo hicho kama walivyokikuta. Kiambishi ka- cha udogo, kwa mfano, ambacho katika Kiswahili cha pwani mara nyingi hudunisha, huko Lubumbashi hutumika mno kwa mapenzi: katoto, na kwa wingi tutoto, ni maneno ya kubembeleza.

Namna nyingine ya kukigeuza Kiswahili ilionekana katika vuguvugu la Jamaa. Vuguvugu hilo la Kikatoliki lilianzia Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1950 chini ya padre Placide Tempels, yule aliyeandika juu ya falsafa ya Kibantu, likaenea kwa wafanyakazi wa migodi na wake zao. Mafundisho yake, yaliyotolewa kwa Kiswahili, yalizunguka mawazo makuu matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, wakafundishwa pamoja, na wote wawili walikuwa na watoto wa kiroho waliowazaa kwa mafundisho. Ifahamike kwamba Jamaa haikuwa shule ya malezi. Hata hivyo iliwapa wanawake wa kambini fikra ambayo kampuni haikuwapa, kwamba mzazi si yule tu anayetii ratiba ya zahanati, na kwamba mwana huzaliwa upya kila anaposemeshwa kwa upendo.

Fimbo nayo ilikuwa na historia yake mjini. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi, ambaye maarufu kuliko wote ni Tshibumba Kanda Matulu, walichora na kuuza mamia ya picha za kutundikwa sebuleni, na mojawapo ya mada zilizopendwa sana ilikuwa ile iliyoitwa kwa Kifaransa Colonie belge, yaani koloni la Wabelgiji: mfungwa amelazwa chini, askari anamchapa, mzungu anatazama. Wanunuzi walikuwa wafanyakazi na makarani wa kawaida. Mtoto aliyechapwa na mamaye chini ya picha hiyo alikuwa na la kulinganisha. Alijua tangu utotoni kwamba kuna kuchapwa kwa kudhalilishwa na kuna kuchapwa kwa kurudiwa, na kwamba anayechapwa hutambua tofauti hata kabla hajaweza kuitaja.

Yanayosemwa na wanasaikolojia

Tofauti hiyo ndiyo iliyowashughulisha wanasaikolojia kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1960 Diana Baumrind wa Marekani aliwatenga wazazi wanaoamuru bila kueleza, wazazi wanaoachilia kila kitu, na wale wanaodai utii lakini husikiliza na kutoa sababu. Watoto wa kundi hili la mwisho ndio alioona kuwa wametulia zaidi. Mgawanyo huo ulifundishwa duniani kote, ingawa ulitokana na familia za Kimarekani zenye uwezo, na kwa haki ukapingwa na wale waliouliza kama ukali wa mama wa Kiafrika unaweza kupimwa kwa ratili hiyo.

Jibu lenye uzito zaidi lilitoka mwaka 2005, pale Jennifer Lansford na wenzake walipochapisha utafiti uliofanywa kwa mama 336 na watoto wao katika nchi sita: China, India, Italia, Ufilipino, Thailandi na Kenya. (Kenya hapa ni nchi, si mtaa wa Kenya wa Lubumbashi, ambao wasomaji wa huko wangeufikiria kwanza.) Waliuliza ni mara ngapi mama humpiga mtoto, mtoto ana wasiwasi na uchokozi kiasi gani, na jambo la tatu ambalo wengi walikuwa hawajaliuliza: je, mama na mtoto wanaona kuwa watu wengi wa kwao hufanya hivyo? Ilidhihirika kwamba pale ambapo kupigwa huonekana kuwa jambo la kawaida, uhusiano wake na wasiwasi na uchokozi hupungua. Hupungua, hautoweki. Hata katika nchi ambako kupiga kulizoeleka zaidi, watoto waliopigwa mara nyingi walikuwa na wasiwasi na uchokozi mwingi kuliko waliopigwa mara chache.

Wasomaji wa pande zote mbili wameutumia utafiti huo vibaya. Wanaotetea fimbo huishia kwenye nusu ya kwanza ya matokeo, na wanaoipinga huanzia kwenye nusu ya pili. Ukweli ni kwamba nusu zote mbili zinahitajiana. Mtoto si mhesabu wa mapigo, ni mfasiri. Akiona kuwa wenzake wote hurudiwa vivyo hivyo, hafasiri pigo kuwa ni chuki. Hata hivyo mwili wake na hofu yake vina hesabu yao, na hesabu hiyo haisubiri tafsiri.

Utafiti mwingine wa nchi hizo sita, uliochapishwa mwaka 2010 na Elizabeth Gershoff na wenzake, ulipanua swali na kutazama namna kumi na moja za kurudi watoto. Ulionyesha kwamba si kupiga tu kunakohusiana na madhara. Kumfokea mtoto kuliambatana na uchokozi, na kumwaibisha kuliambatana na wasiwasi. Matokeo haya yanapaswa kuwagusa watu wa Afrika Mashariki na Kongo, kwa maana katika jamii nyingi za huku aibu husifiwa kuwa ni njia ya upole, mbadala wa fimbo. Mama anayemtangaza mwanawe kikojozi mbele ya majirani anaweza kujiona mpole kuliko jirani anayechapa. Mtoto huenda asiafiki.

Baba alipoondoka

Mwaka 1967 mali za Union Minière zilikuwa zimekwisha kutaifishwa na kuwa kampuni ya taifa, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Gécamines. Posho, hospitali na shule ziliendelea. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, maduka yakaporwa mwaka 1991, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa Katanga katika miaka ya 1992 na 1993, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ilicheleweshwa kwa miezi, kisha kwa miaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alichapisha mwaka 2001 kitabu juu ya mamlaka na familia za wafanyakazi wa Katanga, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa “Bana Shaba walioachwa na baba yao”. Bana Shaba ni watoto wa shaba. Baba aliyewaacha anaweza kufahamika kwa maana mbili. Ni kampuni, iliyokuwa ikilisha. Na ni mzee wa nyumba, ambaye bila mshahara alibaki na kiti lakini bila neno.

Aliyesimama mahali pake ni mama. Wanawake walioelekezwa kwa miaka mingi kubaki nyumbani walikwenda mashambani kandokando ya mji, wakauza makala, mboga na mikate midogo ya kukaanga, wakasafiri hadi Kasumbalesa mpakani mwa Zambia kununua unga wa mahindi wa kupikia bukari. Watafiti wa Kituo cha Kuchunguza Mabadiliko ya Mji, kilichoanzishwa katika chuo hicho mwaka 2000, wameyaandika maisha ya nyumba hizo kwa kirefu, hadi idadi ya milo kwa siku.

Katika hali hii ndipo adabu ya mama ilipobadilika maana, pengine bila yeye kubadili chochote. Mama wa mwaka 1975 aliyemchapa mtoto kwa kutoroka shule alitetea mpango ambao mtoto aliuona kwa macho: shule ipo, haidai malipo makubwa, na mwisho wake ni kazi kama ya baba. Mama wa mwaka 1995 aliyechapa kwa kosa hilo hilo alikuwa ametoka sokoni usiku, hakuona kosa lenyewe bali aliambiwa na jirani, na shule aliyoitetea ilikuwa ikiwadai wazazi fedha za kumlipa mwalimu, hata mtoto akarudishwa nyumbani mara kwa mara kwa sababu ya deni. Mtoto alichapwa kwa kutokwenda mahali alipofukuzwa. Tena pengine mtoto huyo huyo ndiye aliyekuwa ameuza maji au mifuko ya plastiki mchana kutwa na kuleta senti za chumvi. Ni vigumu kumwamuru anayekulisha, na ni vigumu zaidi kwake kuelewa kwa nini anapigwa. Elimu ya msingi ya bure, iliyotangazwa kuanza kutekelezwa mwaka 2019, iliondoa sehemu ya mgongano huu, lakini haikumrudishia mama saa zake za mchana.

Yapo mabaya zaidi ya kiboko. Pale ambapo umaskini, kifo cha mzazi na ndoa ya pili hukutana, mtoto anaweza kushutumiwa uchawi. Wanaoshutumiwa mara nyingi ni yatima, watoto wa kambo, wanaokojoa kitandani, wakaidi, wenye kifafa. Inafaa kutambua kwamba orodha hiyo ni ile ile ambayo mwanasaikolojia angeitaja kuwa dalili za mtoto asiyetangamana. Dalili ya kuumizwa hugeuzwa kuwa ushahidi wa hatia, na aliyetakiwa kuponywa hufungishwa mfungo, hupigwa, au hufukuzwa. Huu si urudi wa namna yoyote. Kitenzi kurudi, kwa maana yake ya kuadibu, kinabeba bado ile maana ya mtu kurejea mahali pake, na mtoto aliyeitwa mchawi hana pa kurejea. Baadhi yao huishia barabarani katikati ya mji, na baadhi hupokewa katika nyumba za Bakanja zinazoendeshwa na Wasalesiani, shirika la watawa lililofika mjini mwaka 1911.

Sheria imesema. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimruhusu mzazi kumkaripia na kumrudi mtoto kwa kiasi kinachofaa umri wake na kusaidia kurekebisha mwenendo wake. Katiba ya mwaka 2006 ilikataza kumtesa mtoto, kumtupa na kumshutumu uchawi, na sheria ya kulinda watoto ya Januari 2009 ikaweka adhabu. Kati ya kurudi kunakoruhusiwa na kutesa kunakokatazwa pamebaki nafasi pana, na mama ndiye anayeachwa aipime jioni akiwa amechoka.

Yaya

Katika tafiti zote mbili za nchi sita waliohojiwa ni mama na watoto wao. Njia hiyo inafaa pale ambapo mama ndiye anayeshinda na mtoto. Robert LeVine na wenzake, waliochapisha mwaka 1994 matokeo ya utafiti wao kwa Wagusii wa Kenya, walionyesha kwamba hata kijijini mtoto mdogo alikuwa na mlezi wake, naye alikuwa mtoto mwenzake mwenye miaka michache zaidi. Lakini mama alikuwa shambani karibu, wa kuitwa. Katika mtaa wa Katuba au wa Kenya mama yuko sokoni hadi giza liingie.

Kiswahili cha pwani kinalo neno yaya, nalo humtaja mwanamke aliyeajiriwa kulea. Huko Lubumbashi neno hilo humtaja ndugu mkubwa. Yaya wa Lubumbashi halipwi. Ni msichana wa miaka kumi au kumi na miwili anayebaki na wadogo zake, anayepika bukari, anayeamua nani amekosa na nani apigwe, kwa mkono ambao bado wenyewe unahitaji kushikwa. Mama arudipo, hesabu ya siku huanzia kwake: kwa nini mdogo analia, kwa nini unga umepungua, nani amevunja kikombe. Anachapwa kwa makosa ya watoto ambao yeye mwenyewe alikuwa amewachapa mchana.

Juu ya utangamano wa mtoto huyu, anayeadibu na kuadibiwa katika siku moja, tafiti za mama na mwana haziulizi kitu, kwa maana katika madaftari yao yaya ameandikwa kuwa mtoto tu.